Gari ya spoti ya kizamani kama usafiri wa kila siku: jinsi ya kuishi nayo bila kuachwa njiani

Kuna kitu ningeambiwa mapema ningeokoa usingizi mwingi sana: gari ya spoti ya miaka 20 au 30 haikusumbui kwa sababu imetembea kilomita nyingi, inakusumbua kwa sababu imezeeka, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Injini ikipewa oili safi kwa wakati inatembea mpaka unasahau lini uliinunua, lakini paipu za mpira, sili, plastiki na waya vyenyewe havihesabu kilomita, vinahesabu miaka. Gari iliyolala miaka 10 imefunikwa turubai ikiwa na kilomita 60,000 inaweza kukutesa kuliko mwenzake aliyetumika kila siku akafikisha 200,000. Kwa hiyo ukiona mtu anajisifu "haijatumika kabisa hii" usikimbilie kutoa hela, muulize mpira wake una miaka mingapi uone kama atakujibu.

Mi natumia Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka 1989 yenye taa za kupanda na kushuka, injini 1.6, gia manyuo, naenda nayo kazini na kurudi siku tano kwa wiki mvua inyeshe jua liwake. Mengi nitakayosema nimejifunza humo, mengine kwa kushika tochi kwenye magari ya washkaji.

Kabla hujanunua

Usichague kwa macho tu. Chagua gari ambayo ugonjwa wake unajulikana na spea zake bado zinatengenezwa, maana gari zote za zamani zina ugonjwa, tofauti ni kwamba nyingine ugonjwa wake una dawa. Mfano Porsche Boxster za mwanzo (986, kuanzia 1996) zina ile beringi ya shafti ya kati, wenyewe wanaiita IMS, ikifa inaondoka na injini nzima, ila iko nyuma ya flaiwili (gurudumu zito ambalo klachi inakaa juu yake) kwa hiyo mwenye akili anaibadilisha siku anayobadilisha klachi. Mazda RX-8 injini yake ya rotari (yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni) imetengenezwa ichome oili kidogo makusudi, hivyo anayesubiri mpaka siku ya sevisi ndo afungue boneti ataua injini, na pia ukiiwasha ya baridi ukaisogeza mita tano tu ukazima, inaweza kujaa petroli ikagoma kuwaka tena. Toyota MR2 injini iko mgongoni na rejeta iko mbele, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari, kwa hiyo akiyabadilisha fundi asiyejua kutoa upepo hiyo gari itachemsha tu. BMW E36 plastiki za mfumo wa maji zinakatika kama biskuti. Porsche 944 mkanda wa taimingi (unaoziendesha vavu zifunguke kwa wakati) ukikatika vavu zinagongana na pistoni. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo naikataza, ila ukiijua mapema unaipangia, usipoijua inakupangia yenyewe.

Halafu angalia kutu kabla ya injini. Injini inatolewa, inafanyiwa ovaholi, inarudi, hata ukiamua kununua nyingine ni kazi ya siku chache, lakini bodi iliyooza inakula hela bila mwisho na fundi rangi atakufunikia kwa puti uondoke unatabasamu. Chukua sumaku ndogo uifunge kwenye kitambaa laini isichubue rangi, ipitishe kwenye matao ya tairi za nyuma na chini ya milango, pale isiposhika chini yake kuna puti sio bati. Inyanyue gari, gonga chini kwa mpini wa bisibisi, bati zima linalia, bati bovu linajibu kwa sauti ya kadibodi iliyolowa.

Injini nayo ipime kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Hapo usihangaike sana na ukubwa wa namba yenyewe, angalia silinda zimekaribiana kiasi gani, moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi kuna stori hapo. Na muombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, unataka kuisikia ikiwaka ya baridi. Ukifika ukakuta boneti la moto, ujue kuna kitu hakutaka ukisikie.

Mwezi wa kwanza ni sevisi ya sifuri

Hata kama muuzaji ni mchungaji, usiamini neno "nilibadilisha juzijuzi". Unaanza kuhesabu upya wewe mwenyewe. Oili na filta, mafuta ya gia boksi, mafuta ya difu, mafuta ya breki, mafuta ya klachi, maji ya rejeta, plagi, filta ya hewa, filta ya petroli. Mkanda wa taimingi kama huna karatasi inayoonyesha lini ulibadilishwa, badilisha, na ukiwa umeshafungua mbele huko badilisha pampu ya maji na sili za mbele hapo hapo maana kazi ni ileile. Kwa MX-5 yangu mkanda ni kila kilomita 100,000 hivi, na bahati nzuri hizi za mwanzo mkanda ukikatika vavu hazigusi pistoni, unazima tu katikati ya barabara ukiwa umefedheheka ila injini nzima. Gari nyingi hazina huruma hiyo.

Mafuta ya breki watu wanayadharau sana. Yale mafuta yanavuta unyevu kutoka hewani, polepole, na kadri maji yanavyoongezeka ndani yake ndivyo yanavyochemka mapema, sasa wewe umeshuka mlima unakanyaga kanyaga breki, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inakwenda chini laini kama unakanyaga godoro. Badilisha kila miaka miwili, gari itembee isitembee. DOT 3 na DOT 4 (ni madaraja ya mafuta ya breki, yameandikwa kwenye kopo) unaweza kuzichanganya, ila DOT 5 ni ya silikoni usiichanganye na hizo, na usijichanganye na jina, DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo ni ndugu wa 4.

Tairi nazo zina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari za spoti za zamani nyingi zina tairi zenye meno mazuri kabisa lakini zimekauka kama kiatu kilichosahauliwa juani, na gari fupi yenye injini mbele inayosukuma kwa nyuma ikiwa na tairi za hivyo kwenye lami yenye maji itakugeuza kabla hujamaliza kusema neno. Zikipita miaka 6 anza kuzikagua kwa jicho baya, ikifika 10 toa hata kama zinang'aa.

Nunua daftari. Sio programu ya simu, daftari, likae ndani ya dashibodi na kalamu. Tarehe, kilomita, umefanya nini, umeweka oili gani, umeongeza kiasi gani. Baada ya mwaka hilo daftari linakuambia vitu ambavyo wewe ungesahau, mfano kwamba unaongeza nusu lita kila kilomita 1,500, halafu ghafla imekuwa kila 800.

Maji ndo yanaua

Kama una hela ya kurekebisha mfumo mmoja tu mwaka huu, rekebisha wa kupoza injini. Silinda hedi za gari hizi nyingi ni aluminiamu, ukiichemsha mara moja kisawasawa hedi inapinda, gasketi inaungua, na hapo umeshaingia kwenye gharama ambayo rejeta mpya ingekuwa utani. Na shida kubwa ni kwamba mshale wa joto kwenye magari mengi ni muongo, watengenezaji waliupanga ukae katikati hata kama joto linacheza ili dereva asipate presha, kwa hiyo ukiuona unapanda kweli ujue mambo yameshaharibika muda mrefu. Ukiuona umepanda usiseme ngoja nifike pale mbele. Washa hita mpaka mwisho na feni yake mpaka mwisho, fungua vioo, utaoga jasho ila hita ni rejeta ndogo ya pili na itavuta joto, kisha paki pembeni sehemu salama haraka, zima, na usifungue kifuniko mpaka injini ipoe kabisa, yale maji yako kwenye presha yatakubabua uso.

Rejeta za tanki la plastiki zina dalili moja nzuri: plastiki ikiwa mpya ni nyeusi, ikizeeka inapauka na kugeuka rangi fulani ya kahawia au kijani kama ya matope. Yangu ilikuwa imefika hapo nikaiangalia kila asubuhi kwa wiki mbili nikijisemea bado, kisha jioni moja kwenye foleni nikasikia harufu tamutamu hivi ya kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji ya rejeta) imeingia ndani, kutazama naona mvuke mwembamba unatoka pembeni ya boneti, ufa wa urefu wa kucha tu pale shingoni paipu ya juu inapoingia. Nilikuwa na bahati nilizima mapema. Sasa nina kanuni: rejeta, paipu zote za maji, thamostati (vavu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) na kifuniko cha rejeta vinabadilishwa kwa mkupuo kama huna rekodi yake. Kifuniko ni kidogo na watu wanakisahau lakini springi yake ikichoka presha haishiki, na presha isiposhika maji yanachemka mapema.

Weka kulanti halisi nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri sio asidi, usiweke ya bomba, chumvi zake zinajenga ukoko ndani. Ukijaza inua pua ya gari, fungua hita, acha injini inguruma taratibu mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Kesho yake asubuhi ikiwa ya baridi angalia tena, mara nyingi imeshuka kidogo.

Ukiona ute mweupe kama mayonezi kwenye kifuniko cha oili usilie kwanza. Gari inayotembea safari fupi fupi oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, inafanya hivyo. Angalia kijiti cha oili, kama huko ni safi na maji hayapungui basi iendeshe safari ndefu nusu saa uone. Kama una wasiwasi kuna kipimo cha dawa ya bluu inawekwa mdomoni mwa rejeta, gesi ya moshi ikiwa inavuja kuingia kwenye maji dawa inageuka njano.

Umeme, yaani kazi ya mikono ya waliokutangulia

Gari iliyopita mikono mitano imepita pia redio tano, alamu tatu na mtu mmoja aliyetaka taa za bluu chini ya dashibodi. Nilipofungua yangu nilikuta waya umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa plasta ya kidonda, naapa, plasta, na ndo ulikuwa unapeleka moto kwenye pampu ya petroli. Kabla hujaanza kutafuta sensa na kompyuta, toa kila kitu ambacho kiwanda hakikuweka, rudisha waya kama zilivyokuwa, unga kwa solda na ule mpira unaonywea ukipashwa moto na sio tepu.

Pili safisha earthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Nyaya za earthi kutoka betri kwenda bodi, bodi kwenda injini, zinaota kutu pale zinapobana, na gari inaanza kuwa na mashetani: taa zinafifia ukipiga indiketa, mshale wa petroli unacheza, stata inavuta kivivu, watu wanabadilisha alteneta na betri na tatizo liko palepale. Fungua boliti, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Haina gharama zaidi ya jioni moja.

Mita ya umeme ni lazima uwe nayo. Betri nzima ikiwa imelala usiku mzima isome kama volti 12.6, injini ikiwa inanguruma isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Gari ikimaliza betri ikiwa imepaki, weka mita ya ampea mfululizo na waya hasi, subiri kila kitu kilale, ikizidi miliampea 50 anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, fyuzi iliyoishusha ndo njia ya mwizi wako.

Klachi, breki na vitu vya chini

Asubuhi moja nimefika kwenye taa nyekundu, nakanyaga klachi, pedali inashuka mpaka chini na inabaki huko huko, haijarudi. Kwenye MX-5 hii ni ile silinda ndogo ubavuni mwa gia boksi, mafundi wanaiita slevu, sili zake zinakufa na inamwaga mafuta. Nilipampu pedali harakaharaka mara kumi ikashika kiasi cha kutia gia ya kwanza, kuanzia hapo nikarudi nyumbani bila klachi, napandisha gia kwa kuachia mafuta na kusubiri raundi zishuke mpaka lever inaingia yenyewe bila kulazimishwa. Inawezekana, ila inataka utulivu na usiwe na mtu anayepiga honi nyuma. Somo lake: ukibadilisha slevu badilisha na masta (silinda ya juu inayosukumwa na pedali) na ule mpira wa kati, maana ukiweka moja mpya presha inarudi nzuri na kile kizee kilichobaki ndo kinafuata. Na chungulia kikopo cha mafuta ya klachi kila wiki, yakiwa meusi sili zinajisaga.

Breki, kinachosumbua kwenye gari ya zamani ni kalipa (kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski) kuganda kuliko pedi kuisha. Toa pini, safisha, paka grisi ya breki kila ukibadilisha pedi. Ukimaliza safari weka kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake hapo kuna kalipa haiachii. Bushi za mpira zikiisha gari inaanza kutangatanga na watu wanasema ndo tabia ya gari ya spoti ya zamani, sio tabia, ni bushi. Ukibadilisha bushi au shokapu peleka ikafanyiwe alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi), na boliti za bushi uzikaze gari ikiwa imesimama kwenye matairi yake, ukizikaza ikiwa inaning'inia mpira utakuwa umejisokota muda wote na utachanika mapema.

Na usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Stendi mbili, tikisa gari kwanza, ndo uingie.

Kuiendesha kila siku

Ukiwasha asubuhi usiiache ikinguruma dakika 10, ondoka baada ya nusu dakika ila endesha kistaarabu, chini ya raundi 3,000 hivi, mpaka ipate moto. Mshale wa maji ukifika katikati oili bado haijafika, ipe dakika kama 10 nyingine ndo uanze fujo. Baada ya hapo ifungulie, kweli, injini za spoti zinaharibika pia kwa kuendeshwa kizee kila siku, Honda S2000 ya mwanzo imetengenezwa izunguke mpaka raundi 9,000 halafu wewe unaibadilisha gia kwenye 2,500 mwaka mzima, kaboni inajaa. Yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa), kilomita mbili za mwisho endesha polepole ipoe kabla ya kuzima.

Oili pima kila unapojaza petroli. Badilisha kila kilomita 5,000 mpaka 8,000, au mara moja kwa mwaka hata kama hujafika. Kama gari yako ni ya kizamani sana na petroli mnayopata ina ethanoli, paipu za petroli za asili zinalainika na kupasuka, weka za kisasa zinazovumilia, na siku ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari usiende popote nayo.

Zenye paa la kitambaa au paa la kufungua zina matundu ya kupitishia maji, na hapa ndo bodi nyingi zinafia. Kwenye yangu yako nyuma ya viti kila upande, majani yanaziba, maji yanakosa njia yanaingia kwenye lile boksi la chuma chini ya mlango na kukaa humo. Nilijuaje? Nilikuwa nafunga breki nasikia chubwi, maji yanakimbia mbele, naondoka yanarudi nyuma, nikadhani kuna chupa chini ya kiti. Nilichokonoa na waya laini wa plastiki yakatoka maji ya rangi ya chai kama ndoo nusu. Sasa kila mwezi namwaga glasi ya maji pale juu na kuinama kuona kama inatoka chini mbele ya tairi la nyuma.

Kuhusu kuongeza vitu, ndugu yangu, gari ikiwa ya kila siku iache ilivyo. Kuishusha, tabo kubwa, ekzosi ya kelele, kila kimoja kinaondoa kitu kidogo kwenye uaminifu wake. Mi nimeruhusu pedi nzuri, tairi nzuri na taa zinazoona, basi.

Spea zinazofahamika kwa kusumbua nunua kabla hazijaharibika maana gari ya zamani spea inaweza kuchukua wiki tatu kufika, na kazi ya siku moja inageuka mwezi wa kutembea kwa miguu. Usipange kazi kubwa Jumapili jioni wakati Jumatatu unaihitaji. Na uwe na njia nyingine ya kufika kazini, baiskeli, basi, jirani, chochote, kwa sababu mtu asiye na njia nyingine ndo anayeendesha gari inayochemka akijisemea itafika tu.

Kwenye buti langu muda wote kuna maji lita mbili, oili lita moja, kikopo cha mafuta ya breki, fyuzi, rilei moja, paipu ya maji ya juu, klipu mbili, spana 10, 12 na 14, tochi ya kichwani, glovu, na taulo kuukuu la kulalia chini. Taulo nililiweka mwisho, baada ya kulala kwenye lami yenye maji nikiwa na shati jeupe la kazini, na ndo kitu nimekitumia mara nyingi kuliko vyote.